Gari la mtoto, bima ya baba: Nani hulipwa ajali ikitokea?

MFANYABIASHARA anayemnunulia mtoto wake gari hupiga hesabu ya bei, ushuru, matairi na mafuta. Hesabu ya bima huachwa hadi mwisho. Mara nyingi bima hukatwa siku ile ile gari linapotoka bandarini au kwa muuzaji, kwa haraka na kwa jina lolote lililo karibu, alimradi stika ipatikane na trafiki asisumbue. Makosa ya siku hiyo huonekana baadaye sana, wakati gari limekwisha kugongwa na fomu ya madai iko mezani.

Chukua mfano wa mzee mwenye duka la vitenge Kariakoo. Anamnunulia binti yake anayesoma chuo Toyota IST ya sh. 14,000,000. Kadi ya gari inaandikwa jina la binti. Bima inakatwa kwa jina la baba, kwa kuwa yeye ndiye mteja wa siku nyingi wa wakala. Kwenye fomu ya maombi, penye swali la nani ataendesha, anajiandika yeye. Miezi minne baadaye binti anagonga nguzo usiku.

Hapo kampuni ya bima ina maswali mawili ya haki kabisa. Kwanza, baba amepata hasara gani kisheria ikiwa gari si lake? Pili, kwa nini hakusema kwamba dereva wa kila siku ni kijana mwenye leseni mpya?

Swali la kwanza linatokana na msingi wa biashara yenyewe ya bima. Mtu hukata bima ya kitu ambacho kikiharibika yeye ndiye anayepata hasara. Kutoa fedha za kununulia gari hakutoshi. Gari likishapewa mtoto na kadi ikasoma jina lake, ni mali yake. Baba anayekata bima ya gari hilo kwa jina lake peke yake anajiweka mahali pa kubishaniwa.

Swali la pili linahusu ukweli wa maelezo. Mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu wa pande zote mbili, na kampuni hupima hatari kwa yale iliyoambiwa. Jambo kubwa likifichwa, kampuni inaweza kukataa dai, hata kama malipo ya mwaka mzima yamekwisha kupokewa.

Uingereza tatizo hili linajulikana sana. Huko umri na uzoefu wa dereva hupandisha mno bei ya bima, na mzazi anayejiandikisha kuwa dereva mkuu wa gari ambalo kwa kweli linaendeshwa na mtoto huhesabiwa kuwa amefanya udanganyifu. Tanzania bima kubwa ya gari binafsi hupimwa zaidi kwa thamani na matumizi ya gari, kwa hiyo faida ya kuficha dereva ni ndogo. Hasara yake ni ile ile.

Ndogo au kubwa?

Sheria inataka kila gari linaloingia barabarani liwe na bima ya mtu wa tatu, ambayo wengi huiita bima ndogo. Hii hulinda watu wengine wanaoumizwa au kuharibiwa mali na gari hilo. Gari lenyewe likipondeka, kuibwa au kuungua, bima ndogo hailipi hata senti moja. Bima kubwa hulipa vyote viwili, kwa masharti yaliyomo katika hati.

Katika viwango vilivyozoeleka sokoni, bima ndogo ya gari binafsi ni sh. 100,000 kwa mwaka kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Bima kubwa kwa kiwango cha asilimia 3.5 ya thamani, kwa gari la sh. 14,000,000, ni sh. 490,000 kabla ya kodi hiyo. Tofauti ni sh. 390,000. Kwa dereva mgeni wa barabara, taa mbili na bampa zinaweza kumaliza fedha hizo kwa siku moja.

Hata hivyo, mwenye bima kubwa asidhani kila kitu kitalipwa. Hati nyingi huweka kiasi ambacho mwenye gari hubeba mwenyewe katika kila dai. Nyingi huongeza kiasi hicho dereva anapokuwa kijana au mwenye leseni ya muda mfupi. Hili ndilo eneo ambalo mzazi anapaswa kulisoma kabla ya kulipa. Hati yenye bei nafuu inaweza kuwa ndiyo inayombebesha mzigo mkubwa siku ya ajali.

Thamani nayo isipunguzwe ili malipo yawe madogo. Gari la sh. 14,000,000 likiandikwa sh. 7,000,000 na kisha kuibwa, mwenye gari hatapata zaidi ya kiasi alichoandika. Na hati ikiwa na kipengele cha kulipa kwa uwiano, hata dai dogo la sh. 2,000,000 laweza kulipwa nusu yake.

Stika haifuati gari

Wazazi wengine hawanunui gari jipya. Humpa mtoto gari lao la zamani na kubadili kadi, huku bima ikibaki ile ile. Wengine hununua kwa mtu na kuendelea na bima ya muuzaji mpaka iishe. Yote mawili ni hatari. Mkataba wa bima ni kati ya kampuni na mtu aliyetajwa ndani yake. Gari likibadili mwenyewe, bima haihami kama tairi la akiba. Ni lazima kampuni ijulishwe na ikubali kwa maandishi, au bima mpya ikatwe.

Matumizi pia hubadili mambo. Kijana akianza kubeba abiria wa kulipa jioni ili apate fedha za matumizi, gari hilo si la binafsi tena machoni pa bima. Vivyo hivyo likigeuzwa kuwa la kukodisha. Na kijana akitumwa na baba kupeleka mzigo wa duka kisha akamgonga mtu, mlalamikaji anaweza kumshitaki baba pamoja na mwanawe. Hapo kilicho hatarini ni mtaji wa duka.

Aliyeumizwa ana ulinzi wa sheria, na kampuni inaweza kulazimika kumlipa hata kama mwenye bima amevunja masharti. Lakini kampuni hiyo hiyo inaweza kumgeukia mwenye bima na kumdai ilichokilipa.

La kufanya kabla ya kulipa

Njia safi ni mbili. Ama kadi na bima vyote viwe kwa jina la mtoto aliyefikisha miaka 18 na mwenye leseni, hata kama mzazi ndiye anayelipa. Ama gari libaki la mzazi kwa kadi na kwa bima, na mtoto atajwe wazi kuwa ndiye anayeliendesha. Anayejifunza bado aulizwe habari zake kwa kampuni kabla hajashika usukani.

Tangu sheria ya mwaka 1996 ilipofungua soko kwa kampuni binafsi, mteja hana sababu ya kukubali hati ya kwanza anayoonyeshwa. Aombe bei kwa kampuni mbili au tatu, alinganishe kiasi cha kujibebea mwenyewe, na adai hati kamili badala ya stika pekee. Wakala awe mwenye leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na stika ihakikiwe katika mfumo wa mamlaka hiyo.

Mwisho, fomu ya maombi isijazwe na wakala huku mteja akiweka sahihi bila kusoma. Sahihi ni ya mteja, na kosa lililomo humo litakuwa lake.