Mtandao Ukikatika Katikati ya Ombi: Jinsi ya Kujua Tatizo Liko Wapi

Mwanafunzi wa Kanyangi anayeomba nafasi ya chuo kwenye tovuti ya KUCCPS, au mkulima anayetafuta cheti kupitia eCitizen, hujaza ukurasa mmoja baada ya mwingine. Mtandao ukikatika kwenye ukurasa wa mwisho, mara nyingi analazimika kuanza upya, na tarehe ya mwisho haimsubiri mtu. Wengi huamua kupanda gari hadi mjini Kitui ili wakamalizie kwenye saiba, na siku nzima inapotea pamoja na nauli. Safari nyingine ni za lazima, lakini nyingi zingeepukika kama mtu angejua kinachomkwamisha ni nini: simu yake, mahali alipoketi, mnara, au tovuti yenyewe.

Kabla ya jambo lolote, angalia salio la bando. Linaonekana jambo dogo, lakini bando la saa moja huisha upesi simu inapojisasishia programu kimyakimya. Zima masasisho hayo kwenye mipangilio kabla ya kuanza kujaza fomu.

Bando likiwapo na bado hakuna kinachofunguka, tafuta simu ya pili yenye laini ya kampuni hiyohiyo na uiweke kando ya yako. Zote mbili zikikwama, tatizo liko nje ya simu. Ile nyingine ikifanya kazi, hamishia laini yako humo. Laini ikifanya kazi kwenye simu ya jirani, basi simu yako ndiyo mgonjwa, na mara nyingi ugonjwa ni mipangilio ya kituo cha kuingilia mtandao, yaani APN. Kwa Safaricom, neno linaloandikwa hapo ni safaricom, kwa herufi ndogo. Badilisha jambo moja tu kwa wakati. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja hatajua ni lipi lililomsaidia, na kesho atahangaika tena.

Ugonjwa mwingine wa simu ambao watu hawaushuku ni tarehe. Betri ikiisha kabisa na simu ikawaka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita, tovuti za serikali hukataa kufunguka na huonya kwamba muunganisho si salama. Mtandao hauna kosa hapo. Rekebisha tarehe na saa, kisha jaribu tena.

Sasa tuje kwenye mahali ulipo, na hapa ndipo penye chanzo cha matatizo mengi katika wadi zetu. Mawimbi ya simu husafiri karibu kwa mstari ulionyooka kutoka mnarani. Ukiwa chini kwenye mto wa mchanga, au nyuma ya kilima, ardhi yenyewe inakukinga. Ndani ya nyumba, paa la mabati hurudisha mawimbi nyuma, na kuta nene za mawe huyapunguza. Ndiyo sababu mtu husimama chini ya mti uani akapata mtandao ambao hakuupata sebuleni.

Usitegemee vile vijistari vinavyoonyesha nguvu za mtandao juu ya kioo, kwa maana kila mtengenezaji huvipima kwa namna yake. Simu nyingi za Android zina kipimo cha kweli: ingia kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza kuhusu simu, kisha hali ya laini, na utaona namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm. Namba iliyo karibu na sifuri ndiyo bora. Kwenye 4G, -85 ni nzuri, -105 ni dhaifu, na ukipita -115 usianze kujaza fomu yoyote. Kila tarakimu 10 zinazoongezeka kuelekea chini zina maana kwamba nguvu ya mawimbi imepungua mara kumi. Kwa hiyo aliye kwenye -105 anapata sehemu moja tu kwa mia ya nguvu anayopata aliye kwenye -85. Zunguka boma lako na simu mkononi, simama kidogo kila mahali, andika namba. Kazi hiyo huchukua dakika ishirini, na mara nyingi utagundua dirisha moja au pembe moja ya ua iliyo bora kuliko kwingine kote.

Ukishapapata mahali hapo, si lazima uketi juani. Iache simu pale dirishani, washa hotspoti, na utumie kompyuta au simu ya pili ndani ya nyumba. Hotspoti hufika mita kadhaa bila shida. Kwa wanaotumia modemu ya kuchomeka kwenye laptopu, nunua waya wa USB wa kurefusha, wa mita mbili au tatu, uipeleke modemu dirishani. Waya unaozidi mita tano husababisha tatizo jipya.

Modemu hizo, kwa kweli, ni wajukuu wa teknolojia ya zamani. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, mtu wa Kenya aliyetaka intaneti nyumbani mara nyingi alitumia modemu iliyopiga simu kwenye waya wa kawaida wa simu, kwa kasi isiyozidi kilobiti 56 kwa sekunde. Mtu mwingine nyumbani akiinua mkono wa simu, mtandao ulikatika. Baadhi ya modemu za laini bado hupiga namba, *99#, ili kujiunga, na ukiona ujumbe kwamba muunganisho umeshindikana, hakikisha kwanza namba hiyo imeandikwa sawasawa kwenye programu yake.

Na lile tatizo la mkono wa simu halijaisha, limebadilika sura tu. Simu nyingi za laini mbili zina redio moja: ukipigiwa kwenye laini ya pili, intaneti ya laini ya kwanza husimama. Pia zipo simu ambazo haziwezi kupokea sauti kwenye 4G, hivyo hushuka hadi 3G au 2G kila zinapopigiwa, na huchelewa kupanda tena. Mtu anaona mtandao umekufa kumbe ni shangazi alikuwa anamsalimia. Unapojaza ombi muhimu, zima laini ya pili na waombe wa nyumbani wasikupigie kwa muda huo. Ukishapigiwa, washa hali ya ndegeni kwa sekunde kumi kisha uizime, ili simu itafute mnara upya.

Iwapo mtandao unakuja na kwenda kila dakika, tazama herufi zilizo juu ya kioo. Zikibadilika kutoka 4G hadi H hadi E, uko ukingoni mwa eneo la mnara na simu inarukaruka. Ichagulie aina moja ya mtandao kwenye mipangilio. Mtandao wa 3G unaotulia unafaa kuliko wa 4G unaoyumba. Wanaonunua simu zilizotumika kutoka ng'ambo nao wawe macho: 4G inayofika mbali hutumia masafa ya chini kama 800 MHz, na simu nyingi zilizotengenezewa soko la Marekani hazina masafa hayo. Simu inaweza kuwa ya bei kubwa na bado ikashindwa na ya bei nafuu hapa Kanyangi.

Wakati mwingine namba ya dBm ni nzuri na bado kurasa hazifunguki. Hapo huenda mnara umelemewa. Uwezo wake hugawanywa kwa wote walio hewani, na kati ya saa moja na saa nne usiku wengi wako kwenye video. Amka saa kumi na moja alfajiri ujaribu tena. Wengi pia hulaumu mvua. Mvua yenyewe haiathiri sana mawimbi yanayofika kwenye simu yako. Inayoathiri ni ile inayokata stima, kwa sababu mnara hubaki ukitegemea betri au jenereta, na hizo zikiisha mnara huzima.

Mtandao ukiwa dhaifu, punguza mzigo. Picha ya kitambulisho yenye megabaiti 4, kwenye laini inayobeba kilobiti 40 kwa sekunde, huchukua zaidi ya dakika 13 kupanda, na tovuti nyingi huwa zimeshakutoa kufikia hapo. Ikipunguzwa hadi kilobaiti 200 huchukua sekunde 40 hivi. Andaa nyaraka zote zikiwa ndogo, andika majibu marefu pembeni, ndipo uingie kwenye tovuti.

Tahadhari kubwa ni kwenye malipo. Ukurasa ukiganda baada ya kulipa, usilipe mara ya pili. Soma ujumbe wa M-Pesa kwanza. Ukiwa na namba ya muamala, pesa zimetoka. Ihifadhi, subiri, kisha ingia upya uone kama bili imesomeka.

Yapo pia mambo yasiyohitaji intaneti kabisa. Huduma za kubonyeza namba hupita kwenye mtandao wa kawaida wa simu, hata wa 2G, na hata kwenye mulika mwizi: *222# kwa eCitizen, *147# kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, *642# kwa HELB. Hazifanyi kila kitu, lakini mtu anayetaka kujisajili SHA hana haja ya kutafuta 4G.

Mkiona kijiji kizima kinakosa mtandao kwa siku kadhaa, lalamikeni kwa kampuni ya simu kwanza na mdai namba ya malalamiko. Msipojibiwa, pelekeni namba hiyo kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo pia ndiyo inayosimamia Mfuko wa Huduma kwa Wote, ulioanzishwa ili kufikisha mawasiliano mahali ambapo kampuni hazioni faida. Malalamiko yanayosema tu kwamba mtandao ni mbaya ni rahisi kuwekwa kando. Andikeni jina la kijiji na shule au soko lililo karibu, tarehe na saa, aina ya simu, na ile namba ya dBm mliyosoma ndani ya nyumba na nje. Watu kumi wakipeleka vipimo vya wiki moja, fundi wa kampuni anakuwa na mahali pa kuanzia.