Kwa Wanachama Wanaotaka Kwenda Indonesia

Tangu msimu uliopita ulipomalizika, wamefika ofisini mwetu wanachama wanne kwa siku mbalimbali, kila mmoja na pasipoti yake mkononi, wakiuliza khabari za Indonesia. Watatu wanataka kwenda kutembea na kuitazama mikarafuu ya wenzetu. Wa nne, ambaye ni mzee wetu wa kuheshimiwa sana, alikuwa na shabaha nyingine tutakayoieleza mbele, kwa ruhusa yake mwenyewe. Kwa kuwa maswali yao yalikuwa karibu ni yale yale, tumeona kheri tuyajibu hapa mara moja. Mengi katika haya tuliyaona kwa macho yetu tulipokwenda wawili mwaka 2024, kila mtu kwa fedha yake, na mengine tulijifunza kwa kukosea.

Kwanza, nchi ile ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtu akisema "nakwenda Indonesia" bado hajasema anakwenda wapi. Visiwa vyake ni zaidi ya 17,000. Kutoka Sabang, upande wa magharibi, mpaka Merauke, upande wa mashariki, ni kilomita 5,000 na zaidi. Watu wake wapita milioni 280, na zaidi ya nusu yao wamejazana katika kisiwa kimoja tu cha Java. Lugha zao ni zaidi ya 700, ingawa kila mahali utakuta watu wanaojua lugha ya taifa, kama Kiswahili kinavyotuunganisha sisi. Walio wengi ni Waislamu, lakini Bali ni ya Mabaniani, Flores ni ya Wakatoliki, na Ambon utasikia adhana na kengele katika mtaa mmoja. Basi mwenye wiki mbili asijaribu kuona zaidi ya visiwa viwili. Anayetaka kuona kila kitu ataona viwanja vya ndege tu.

Saa zao ni za namna tatu. Jakarta wametutangulia kwa saa nne, Bali na Makassar kwa saa tano, Ternate na Ambon kwa saa sita. Hilo si gumu. Gumu ni namna ya kuhesabu saa, na hapa twakiri aibu yetu. Dereva tuliyemkodi alituambia atatuchukua "jam dua". Masikio yetu yakasikia "jam", ambayo tulikwisha kujua kuwa ni saa, na "dua", ambayo kwao ni mbili. Kwa hiyo saa mbili ya asubuhi tulikuwa tumesimama barabarani na mizigo yetu. Dereva alifika saa nane ya mchana, amefurahi, wala hakuchelewa hata dakika moja. Wao huhesabu kama Wazungu: mbili yao ni nane yetu. Tangu siku ile kila miadi tuliandika kwenye karatasi kwa saa ishirini na nne, 14.00, na kumwonyesha mwenzetu aitikie kwa kichwa.

Ajabu ni kuwa maneno mengi yatakuchekea kama jamaa. Ukikutana na mtu atakuuliza "apa kabar?", nawe utasikia khabari ndani yake. Karatasi kwao ni kertas, sabuni ni sabun, meza ni meja, na bendera ni bendera vile vile. Siku ni Kamis, Jumat na Sabtu. Mkubwa wako, mwanamume au mwanamke, huitwa kakak; mtu mzima huitwa Bapak au Ibu, na usimwite kwa jina lake tupu. Lakini pana mitego. Dada kwao ni kifua. Kwa hiyo ukitaka kumwita binti dukani, usijaribu Kiswahili.

Ama vibali, safari hupita kwa kawaida Doha au Dubai mpaka Jakarta. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi tangu siku ya kuingia. Khabari za viza zatakiwa kuulizwa kwenye ubalozi wao ulioko Dar es Salaam, kwa sababu orodha zao hubadilika, na yale aliyoambiwa jirani yako mwaka juzi huenda si ya leo. Hapa tuseme wazi: msimpe wakala fedha kabla hajawaonyesha kwa maandishi ni viza ya namna gani anayowaombea. Mwenzetu mmoja aliuza gunia zake zote, akampa mtu fedha kwa ajili ya "ziara ya biashara", akapewa viza ya utalii. Viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi wala biashara. Alirudi bila ya kukutana na mnunuzi hata mmoja, na fedha yake mpaka leo anaifuata. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho kiwemo mkobani.

Fedha yao ni rupia, na sifuri zake zaweza kumtia mtu kizunguzungu. Mwaka 2025 dola moja ilikuwa kiasi cha rupia 16,000. Noti kubwa ni ya 100,000, nyekundu. Ya 10,000 ni ya zambarau. Zitengeni mapema, moja mfuko huu na moja ule, maana usiku katika teksi sifuri moja haionekani. Dola za kubadilisha ziwe mpya na zisizokunjwa. Dola yenye mkunjo katikati hukataliwa au hupunguzwa bei.

Mvua zao ni tangu Novemba mpaka Machi au zaidi kidogo, na kiangazi ni tangu Mei mpaka Septemba, ingawa Maluku mambo hugeuka. Juma la kabla ya Idi ya mwezi mosi msisafiri kabisa: mamilioni ya watu huondoka mijini kwenda kwao, na treni, meli na mabasi yote hujaa. Bali nako wana siku yao ya kimya, Nyepi, ambayo mara nyingi huwa Machi. Siku hiyo hakuna anayetoka nje, na hata uwanja wa ndege hufungwa kwa saa ishirini na nne. Kuingia Bali mgeni hulipa rupia 150,000, tangu Februari 1994 ya hesabu ya mwenzetu mmoja, ambaye tulimsahihisha kuwa ni Februari 2024.

Kwa upande wa ibada mtastarehe. Kila stesheni na kila soko kubwa lina chumba cha kusalia na maji ya kutawadhia, na wanawake huwekewa mavazi ya kusalia. Angalieni kibla tu. Sisi huku twaelekea kaskazini. Huko huelekewa magharibi, kwa kuinamia kaskazini kidogo. Katika hoteli nyingi mshale umebandikwa darini, basi mtu atazame juu kabla ya kutandika msala. Chakula cha Java hakina taabu, ila pilipili. Katika mikahawa ya Kipadang huletewa sahani kumi au zaidi bila ya kuagiza. Msishtuke, mtalipia zile mlizozigusa tu. Bali, Manado na Toraja jifunzeni neno moja: babi. Hilo ni nguruwe. Maji ya bomba msinywe.

Sasa tuje kwenye karafuu, maana ndizo zitakazowatoa wengi wenu.

Karafuu huko huitwa cengkih. Wenzetu hawa huvuna mwaka hata mwaka zaidi ya tani 100,000, kuliko nchi nyingine yoyote, na sehemu kubwa huichoma moto wenyewe. Huisaga na kuitia katika sigara zao ziitwazo kretek, theluthi moja karafuu na theluthi mbili tumbaku, na jina lenyewe ni ule mlio wa kuchatuka. Wazee wetu watakumbuka kuwa zamani Indonesia ndiyo iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa. Katika miaka ya 1970 wakapanda mikarafuu kwa wingi, na miaka ya 1980 wakajitosheleza, na bei yetu ikaanguka. Lakini nao hawakuneemeka moja kwa moja. Tangu mwaka 1990 mpaka 1998 shirika moja lilipewa ununuzi wote wa karafuu, na wakulima wengi wakaiacha mikarafuu yao au wakaikata. Mkulima mmoja alituonyesha visiki vya babake, kisha akatupa kahawa.

Mwenye kutaka kuona kretek na aende Kudus, Java ya kati. Kutoka Jakarta panda treni mpaka Semarang, kisha gari kama saa moja na nusu. Jina la tiketi lilingane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Kudus pana jumba la makumbusho ya kretek, na pana msikiti wa mwaka 1549 wenye mnara wa matofali mekundu uliojengwa kwa sura ya hekalu la Kihindu. Jina la mji latokana na Al-Quds. Mpaka leo watu wa pale, kwa desturi, hawachinji ng'ombe; hula nyati. Wasema Sunan Kudus aliwakataza ili wasiwaudhi majirani zao Mabaniani. Tulikula mchuzi wa nyati barabarani, tukaongezwa bila ya kuomba.

Asiyekuwa na siku nyingi na aende Munduk, milimani kaskazini ya Bali, ataona karafuu zimeanikwa kando ya barabara kama kwetu. Lakini asili yenyewe ni Maluku ya kaskazini: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Ternate ni mlima mmoja wa moto, Gamalama, uliotoka baharini, na mlima huo bado uko hai. Ulizeni khabari zake kabla ya kupanda. Na kokote mlipo pwani, ardhi ikitikisika kwa muda mrefu, msingoje kutangaziwa, kimbilieni juu. Kwenye mteremko wa Gamalama iko mikarafuu mikongwe iitwayo Afo. Wadachi, tangu mwaka 1652, walikuwa wakikata mikarafuu ya visiwa vile ili biashara ibaki mikononi mwao, na yasemekana Afo ilisalimika kwa kuwa ilikuwa juu mno.

Ndipo tunapofika kwa mzee wetu. Shabaha yake ilikuwa kurudi na miche ya Ternate ndani ya sanduku, katikati ya nguo. Tulipomwambia haifai, alitujibu kwa upole: "Wanangu, hata hii yetu ililetwa kwa kuibwa."

Ni kweli. Mwaka 1770 watu wa Pierre Poivre, Mfaransa, waliitoa mikarafuu Maluku kwa siri mpaka Mauritius, na kutoka visiwa vile ndipo ilipofika Unguja mwanzo wa karne iliyofuata. Hatukuwa na la kumpinga hapo. Lakini tulimwambia: wakati ule hapakuwa na mkarafuu hata mmoja kwetu wa kuambukizwa. Leo kisiwa kizima chautegemea. Huko Sumatra na Java pana maradhi ya bakteria yanayoziba njia za maji ndani ya mti, yakichukuliwa na wadudu wafyonzao utomvu. Majani huanza kuanguka juu, kisha mti hufa. Mche waweza kuonekana mzima na udongo wake una balaa. Mbegu nazo hazisaidii: mipeta ikishamenywa na mbegu zikakauka, hupoteza uhai kwa siku chache tu. Na kuingiza mimea bila ya kibali cha karantini ni kosa, huko na huku.

Alinyamaza kitambo. Alituuliza kama ile Afo yaruhusiwa kupigwa picha. Tukasema ndiyo. Akauliza kama sisi tulipima unene wa shina lake. Hatukupima. Alisikitika sana, akasema basi atachukua kamba yake ya nyumbani na fundo kwa kila dhiraa, na akirudi atatuletea hesabu tuichapishe hapa. Anaondoka Juni, na wale watatu wamekubali kufuatana naye. Mwanachama mwingine anayetaka kuungana nao na aje ofisini kabla ya mwisho wa Aprili, na pasipoti yake, asubuhi, saa mbili ya kwetu.