Kutembea kando ya Mto Gucha katika miezi mitulivu

Shamrashamra za Desemba zikiisha, jamaa waliokuja likizo hurejea mijini, shule hufunguliwa, na vijia vya kando ya Mto Gucha hubaki kimya. Januari na Februari huwa na mvua kidogo Kisii na Nyamira, kwa hivyo huwafaa wanaopenda kutembea kwa miguu bila haraka. Lakini mvua kidogo ya Gusii si kiangazi. Eneo hili hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi unaokauka kabisa.

Gucha huanzia vilima vya Kiabonyoru, Kaunti ya Nyamira, hupita Ogembo katika Kaunti ya Kisii, kisha huingia Migori, ambako huitwa Kuja, hadi Ziwa Victoria. Kwa kuwa mashamba yamejaa kote, msitu uliobaki sehemu nyingi ni ukanda mwembamba tu wa miti kandokando ya maji: mikuyu hapa, mikaratusi pale, halafu ghafla majani chai au migomba.

Hatari kubwa kwa mtembeaji hutoka mbali na alipo. Asubuhi jua huwaka vizuri. Mchana upepo wenye unyevu kutoka ziwani hupanda nyanda za juu na kupoa, mawingu hujikusanya, na alasiri ngurumo huanza. Mvua ikinyesha vilimani, maji hushuka hadi kwa watu ambao hawajaona hata tone. Maji yakigeuka ghafla kuwa ya udongo, yakibeba majani na vijiti, au mlio wa mto ukibadilika, ni wakati wa kupanda juu mara moja, si wa kumalizia kupiga picha. Asiyeweza kuona chini ya maji asivuke, hata kama jana palivukika. Gogo lililolazwa mtoni si daraja; likilowa huteleza kama sabuni.

Ni salama zaidi kuanza saa moja asubuhi na kuwa umetoka bondeni kufikia saa saba mchana. Radi zikianza, watu waondoke kileleni na mahali pa wazi, wasijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Radi huua watu Gusii, na tahadhari hii si ya kupuuzwa.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hulisahau. Kanuni za maji hutenga ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kila upande wa mto, kulingana na upana wake, ambamo kulima na kujenga kumewekewa masharti ili ukingo usimomonyoke. Hilo halimpi mpita njia ruhusa ya kukatiza shamba la mtu. Mashamba mengi hushuka hadi mtoni, na kijia kinachoonekana cha wote huenda ni cha boma moja. Salamu ya "bwakire" na ombi fupi hutosha mara nyingi, na mwenyeji ndiye anayejua ni wapi ukingo umeanza kubomoka. Mwenye mbwa amfunge kamba, kwani ng'ombe huja kunywa maji hapo hapo.