Black Panther: Filamu tamu, ila Wakanda ilisahau majirani

Muulize kijana wa Kisumu filamu ya sayansi ya kubuni anayoipenda zaidi, na huenda akakujibu "Wakanda!" kabla hujamaliza swali. Ana sababu. Februari 2018, Black Panther ilizinduliwa papa hapa mjini, Gavana Anyang' Nyong'o akiwepo. Bintiye Lupita ndiye Nakia, jasusi kutoka kabila la mtoni. Sasa watu wa ziwa wasijidai kwa nini?

Tuanze na utamu wake. Mwongozaji Ryan Coogler alituonyesha Afrika yenye treni za ajabu na maghorofa ya kutisha, ambayo bado inavaa shanga zake bila aibu. Mavazi ya Ruth Carter, aliyeazima mengi kutoka kwa Wamaasai, yalishinda Oscar mwaka 2019. Mandhari ya Hannah Beachler na muziki wa Ludwig Göransson pia zikashinda. Halafu kuna Killmonger. Huyu ni adui mwenye swali zito: watu weusi wakiumia kote duniani, Wakanda ilikuwa wapi? Unamchukia, lakini moyoni unajua ana pointi.

Haya, tuje kwa kasoro. Pigano la mwisho kati yake na T'Challa, aliyeigizwa na marehemu Chadwick Boseman, linaboesha. Unaona miili ya kompyuta ikirukaruka kama gemu ya simu. Lugha nayo? Wakanda iko Afrika Mashariki, lakini wenyeji wanaongea Kixhosa cha Afrika Kusini. Ni lugha tamu, sawa, ila ni ya mbali sana na huku kwetu.

Hizo ni ndogo. Kubwa ni hii: T'Challa anapoamua hatimaye kugawa sayansi yake, anaanzia Oakland, California. Unaelewa kwa nini, maana Killmonger alilelewa huko. Lakini je, jirani aliyeishi karne nzima kando ya mpaka bila kujua kuna dawa upande wa pili? Filamu inamsahau kabisa.

Tena, ujuzi wote wa Wakanda unategemea vibranium, madini yaliyoanguka kutoka angani. Shuri ni mwerevu kweli, lakini pia ni binti mfalme mwenye maabara ya kila kitu. Hatumwoni mtoto wa mama mboga akijaribu, akishindwa, akijaribu tena.

Ajabu ni kwamba Kisumu ilikuwa na hadithi hiyo tayari. Mwaka 2017, wasichana watano wa shule ya Kisumu Girls walibuni i-Cut, programu ya simu ya kuwasaidia wasichana wanaokabiliwa na ukeketaji. Wakaenda nayo California kwenye mashindano ya Technovation. Hawakuwa na vibranium wala taji.

Ndiyo maana kasoro hii si ya kupuuzwa. Ukitazama gugumaji linavyofunika ziwa, unajua hakuna kimondo kitakachoanguka kuja kuliondoa. Kazi hiyo inakungoja wewe na wenzako.

Kwa hivyo itazame tena wikendi hii, ufurahie. Ila Shuri akitokea, jiulize: angekuwa fundi wa simu pale Kondele, filamu ingemwona?