Damu ya mimba inasema mapema, sisi tunafika mwezi wa sita

Wamama wengi wa machimbo wanapima mimba mara ya kwanza wakati tumbo limekwisha kuonekana na kila mutu. Kule Kamituga mama anatwanga mawe ya dhahabu mpaka mwezi wa tano, wa sita, ndipo anaenda CPN. Si uzembe. Siku asiyotwanga, hakuna pesa ya unga.

Lakini hapo ndipo hatari iko. Tansio ya mimba, ile madaktari wanaita preeklampsia, inajionyesha baada ya wiki 20: tansio inafika 140 kwa 90 ao zaidi, protini inatoka katika mkojo, kichwa kinauma, macho yanaona giza. Ikizidi, mama anaanguka na degedege. Mzizi wake lakini ni wa zamani, toka kondo la nyuma liliposhika vibaya ndani ya tumbo.

Na damu inajua mbele ya tansio. Kati ya wiki 11 na 14, laboratwari inaweza kupima vitu viwili vinavyotoka katika kondo, PAPP-A na PlGF. Vikiwa chini, ni alama ya kuangalia pamoja na tansio, umri, uzito na mimba zilizopita. Utafiti wa ASPRE, uliotoka 2017, ulichagua hivyo wamama wenye hatari, huko Ulaya na Israeli. Waliokunywa aspirini ya miligramu 150 kila usiku, preeklampsia ya mbele ya wiki 37 iliwapata 1.6 kwa mia, wasioipata, 4.3 kwa mia.

Tuseme wazi: vipimo hivyo haviko katika kituo cha afya cha machimbo. Basi tukae? Hapana. Mwaka 2020 ulitoka utafiti mwingine, wa wamama 11,976 wa mimba ya kwanza katika nchi 6, Kongo yetu na Kenya ndani. Hawakuchaguliwa kwa PAPP-A wala PlGF. Walianza aspirini ya miligramu 81 mbele ya wiki 14, na watoto waliozaliwa mbele ya wakati walishuka toka 13.1 mpaka 11.6 kwa mia. Hata hivyo, baba, usikimbie farmasi kumnunulia bibi yako: daktari ndiye anaamua nani anywe. Na OMS inataka mama mwenye hatari aanze mbele ya wiki 20. Mwezi wa sita, nafasi hiyo imepita.

Damu ya kawaida pia inasema mengi: kaswende, SIDA, rhesus, malaria, hemoglobini. Hemoglobini chini ya 11 katika miezi ya kwanza ni upungufu wa damu, na mama wa namna hiyo akitokwa damu siku ya kuzaa, hana akiba. OMS inaomba CPN ya kwanza mbele ya wiki 12.

Hospitali ya Panzi, hapa Ibanda, Daktari Mukwege aliifungua 1999 akiwaza kwanza wamama wanaozaa. Lakini barabara ya Kamituga wakati wa mvua haimungojei mama mwenye degedege.

Sisi wa sindika tunaomba maPDG wa mashimo kitu kimoja. Sanduku la timu linalipa mazoti ya pompi ya maji. Lilipe na pikipiki ya CPN ya kwanza, pamoja na mushahara wa siku ile kwa mama mutwangaji. Mukutano ujao tutauliza shimo kwa shimo nani amekubali.