Mshale wa saa na mama mwenye nyumba: filamu za kung-fu za kuchekesha zinavyolipa deni kwa sinema ya zamani

Mtu ananing'inia kwenye mshale wa saa kubwa, juu kabisa ya jengo, na chini yake kuna barabara. Picha hiyo karibu kila mpenda filamu anaijua, hata asiyejua imetoka wapi. Wengi wetu hapa Kongo tuliiona kwanza kwa Jackie Chan, katika Project A ya mwaka 1983, ile iliyotolewa kwa Kifaransa kwa jina la Le Marin des mers de Chine. Lakini miaka 60 kabla yake, mwaka 1923, Mmarekani Harold Lloyd alikuwa amekwisha kushika mshale kama huo katika Safety Last!, filamu isiyo na sauti. Anayelijua hilo kwa mara ya kwanza huuliza haraka: basi Jackie Chan aliiba?

Swali hilo linatuhusu sisi wa kitivo cha lugha kuliko tunavyodhani. Kila siku tunasoma waandishi waliochukua kisa cha mwenzao, washairi waliojibu shairi la mwingine, na (tuseme ukweli) kazi za wanafunzi zilizonakiliwa ukurasa mzima bila kutaja mwenyewe. Kuenzi, kuiga, kudhihaki na kuiba hukaa nyumba moja, na mara nyingi hutoka kwa mlango mmoja. Filamu za Hong Kong zinazochanganya mapigano na kicheko ni mahali pazuri pa kujifunza kuzitofautisha, kwa sababu ndani yake deni hulipwa hadharani, mbele ya macho ya mtazamaji.

Tuirudie saa. Katika Safety Last! Lloyd ni kijana wa dukani anayepanda ukuta wa jengo refu ili apate fedha za kumwezesha kuoa. Si mpiganaji wala mwanasarakasi. Ni mtu wa kawaida mwenye miwani. Walioitengeneza filamu hiyo walijenga vipande vya ukuta juu ya mapaa ya majengo halisi, wakaweka jukwaa lenye magodoro chini yake pasipoonekana na kamera, ili barabara ya mbali ionekane kama shimo. Hatari ilibaki kuwepo, hasa kwa mtu ambaye mwaka 1919 alikuwa amepoteza kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia kwa ajali ya bomu lililodhaniwa kuwa la kuigizia. Ila jambo la kuangalia ni hili: Lloyd haanguki. Kicheko chote kinatokana na anguko tunalolingoja na lisilokuja.

Jackie Chan analichukua tukio hilohilo, anashika mshale, anachoka, anaachia. Anaanguka kweli, anapasua vitambaa viwili vya kivuli vilivyotandazwa chini ya mnara, anapiga ardhi. Filamu inatuonyesha anguko hilo zaidi ya mara moja, kama msemaji anayerudia neno ili tusidhani tumesikia vibaya. Kisha, majina ya watengenezaji yanapopita mwishoni, tunaonyeshwa majaribio yaliyoharibika. Lloyd aliuliza, "Je, ataanguka?" Chan akajibu miaka 60 baadaye. Hapo kuna tofauti ya kwanza kati ya kuenzi na kunakili. Anayenakili anarudia swali. Anayeenzi analiendeleza, kama washairi wanaojibizana: wa pili anachukua mizani na kina vya wa kwanza, lakini hoja anaisogeza.

Buster Keaton naye alipata jibu lake. Katika Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928 (Wafaransa waliita Cadet d'eau douce), kimbunga kinaangusha uso mzima wa nyumba juu ya Keaton, naye anabaki amesimama kwa sababu dirisha lililo wazi limepita hasa pale alipokuwa. Ukuta ule ulikuwa mzito kweli, na nafasi iliyobaki kati ya mwili wake na mbao ilikuwa ndogo sana. Katika Project A ya pili, mwaka 1987, ukuta mkubwa wa mapambo unamwangukia Chan, naye anaokolewa na uwazi uleule. Kwa maoni yangu heshima hii ya pili ni dhaifu kuliko ile ya saa. Inatambulika mara moja, inafurahisha, lakini haiongezi hoja. Inainamisha kichwa na kupita.

Kwa nini mtu wa Hong Kong alijifunza kwa wachekeshaji wa Marekani wa miaka ya 1920? Chan, pamoja na Sammo Hung na Yuen Biao, walilelewa katika shule ya opera ya Peking ya mwalimu Yu Jim-yuen huko Hong Kong. Huko walifunzwa kuimba, kuruka, kupigana kwa mpangilio, na kusimulia kwa mwili. Filamu isiyo na sauti ilikuwa ndugu wa opera hiyo: kisa kinabebwa na kiungo, si na neno. Kwa hiyo Chan alipowatazama Keaton na Lloyd hakuona wageni. Aliona watu wa kazi yake.

Lakini kuna heshima nyingine inayotembea kwa njia ya utovu wa adabu. Kuanzia mwaka 1949 mwigizaji Kwan Tak-hing alimwigiza Wong Fei-hung, tabibu na bingwa wa kung-fu aliyeishi kweli kusini mwa China, katika filamu zaidi ya 70. Wong wake alikuwa mzee wa heshima, mpole, anayefundisha maadili kabla ya kupiga. Mwaka 1978 Yuen Woo-ping aliongoza Drunken Master, na ndani yake Wong Fei-hung huyohuyo ni kijana mvivu, mchokozi, anayekula hotelini bila fedha za kulipa. Jackie Chan ndiye aliyemwigiza. Ni kama mtu achukue picha ya babu iliyotundikwa ukutani aichoree masharubu. Hata hivyo, mzee mlevi anayemfundisha kijana katika filamu hiyo ni Yuen Siu-tien, baba mzazi wa mwongozaji, aliyeshiriki pia katika zile filamu za zamani za Kwan Tak-hing. Mzaha uko mbele, na nasaba iko nyuma yake. Na mwaka uliofuata Yuen Woo-ping alimrudisha Kwan Tak-hing mwenyewe kwenye nafasi yake ya zamani, katika The Magnificent Butcher.

Na wizi je? Bruce Lee alipofariki mwezi wa 7 mwaka 1973, masoko yalijaa waigaji waliovaa kama yeye, wakanyoa kama yeye, wakajiita Bruce Li au Bruce Le. Mwaka 1978 Sammo Hung, aliyekuwa amepigana na Lee mwenyewe mwanzoni mwa Enter the Dragon, alitengeneza Enter the Fat Dragon. Anaigiza kijana mnene wa shamba anayempenda Bruce Lee kupita kiasi, naye anaiga miondoko yake kwa usahihi wa kushangaza. Katika tukio moja anafika mahali filamu inapopigwa na kumkuta mwigaji anayejifanya Lee. Anakasirika, anampiga. Sijui makala ya uhakiki iliyoeleza tofauti kati ya kuenzi na kunyonya jina la marehemu kwa ufupi kama ngumi hizo.

Sasa tuje kwa Kung Fu Hustle ya Stephen Chow, mwaka 2004, ambayo kwa Kifaransa inaitwa Crazy Kung-Fu. Hapa ndipo mambo yanapomgusa mwanafunzi wa lugha. Ukiitazama bila kujua chochote utacheka, maana baadhi ya madeni yake yamewekwa wazi: mama mwenye nyumba anamfukuza Chow barabarani huku miguu ikizunguka kama magurudumu, kama katika katuni za Road Runner; mafuriko ya damu yanatoka mlangoni, kama katika The Shining ya mwaka 1980; na msichana asiyeweza kusema anamkumbusha mtazamaji yule muuza maua kipofu wa Charlot katika Les Lumières de la ville ya mwaka 1931. Hayo hayahitaji mkalimani.

Deni kubwa zaidi halionekani kwetu. Filamu inatokea katika mtaa maskini wa wapangaji wanaotawaliwa na mume na mke wenye nyumba, wakali na wabahili, na maji yanafungwa mtu akiwa bado ana povu kichwani. Mtazamaji wa Hong Kong anatambua papo hapo The House of 72 Tenants, filamu ya Chor Yuen ya mwaka 1973 iliyotokana na mchezo wa jukwaani. Umuhimu wa filamu hiyo ulikuwa katika lugha. Wakati huo sinema ya Hong Kong ilikuwa imemezwa na Kimandarini, na filamu za Kikantoni, lugha ya mtaani na ya nyumbani kwa watu wengi wa mji huo, zilikuwa karibu zimekufa. The House of 72 Tenants ilizungumza Kikantoni, na mwaka huo ikaingiza fedha nyingi pale Hong Kong kuliko Enter the Dragon ya Bruce Lee. Kwa hiyo Chow anapoujenga upya mtaa ule, na kuujaza matusi na maneno ya Kikantoni, anaienzi siku ambayo lugha yake ilirudi kwenye pazia. Sisi tunaotazama nakala iliyotiwa sauti za Kifaransa tunauona mtaa. Lugha yenyewe imekwisha kufutwa.

Kuna mfano mdogo unaoonyesha jambo hili waziwazi. Bwana na mama mwenye nyumba, watu wazima waliochakaa, mke akiwa na rola za nywele na sigara mdomoni, wanatangaza kwamba majina yao ni Yang Guo na Xiaolongnü. Hao ni wapenzi vijana, wazuri wa sura, wa riwaya ya Jin Yong iliyoanza kutoka gazetini Hong Kong mwaka 1959. Mchina yeyote anacheka kabla sentensi haijaisha. Mtafsiri wa maandishi ya Kiingereza aliona kwamba mgeni hatacheka, akawaita Paris na Helena wa Troya. Wengine watasema amesaliti. Mimi naona alilinda kicheko akapoteza heshima: mtazamaji anapata tofauti kati ya jina kubwa na sura iliyochoka, lakini uzi unaoelekea kwa Jin Yong umekatika, na uzi mwingine umefungwa kwa Homero, ambaye Chow hakuwa na deni naye hapo. Angefanya nini kingine kwa maneno machache chini ya picha? Hilo ni zoezi ningependa kuliona kwenye mtihani wetu wa tafsiri.

Kuna kitu kilichovuka bila kuharibika, nacho ni miili. Bwana mwenye nyumba ni Yuen Wah, aliyemruka Bruce Lee zile sarakasi katika Fist of Fury na Enter the Dragon, uso wake ukiwa umefichwa. Mama mwenye nyumba ni Yuen Qiu, mwenzake wa shule ileile ya opera, aliyekuwa ameacha filamu kwa miaka mingi. Adui mkuu, mzee wa singlendi na kandambili, ni Bruce Leung Siu-lung, mmoja wa wale waliobeba jina la Bruce katika miaka ya 1970. Chow angeweza kuajiri vijana na kuwapaka mvi. Alichagua watu ambao ndio sinema ya zamani yenyewe, akawapa nafasi ya kuonyesha nyuso zao. Asiyejua Kikantoni, asiyejua Jin Yong, bado anaona kwamba yule mama anaposimama na kupumua kabla ya kupiga yowe, huyu si mtu aliyejifunza jana.

Mwishoni ombaomba aliyemuuzia Chow kijitabu cha kung-fu utotoni anarudi, anamsimamisha mtoto mwingine njiani. Safari hii hana kijitabu kimoja; anafungua koti na kukunjua rundo zima, amchagulie.