Chonga, Komba na Piga Msasa: Vitenzi vya Kazi ya Vijiko vya Mti

Kijiko cha mti ni chombo kidogo, lakini kazi ya kukitengeneza ina vitenzi vyake maalumu. Sasa ambapo msumeno wa umeme na grainda vimeingia karakanani, yafaa kuuliza: chombo cha kazi kikibadilika, je, neno la kazi hubadilika nacho?

Fundi wa mkono huanza kwa kupasua kipande cha gogo kwa shoka. Mpasuko hufuata nyuzi za mti, hata nyuzi zikanyoka toka kichwa cha kijiko mpaka ncha ya mpini. Kisha huchonga kwa tezo na kisu, vibanzi vikianguka. Baadaye hukomba, yaani huchimba tumbo la kijiko kwa kisu kilichopindwa ncha. Kazi hii ya mwisho ndiyo hukitenga kijiko na wenzake: mwiko wa ugali ni bapa, hauhitaji kukombwa, nao upawa wa kifuu cha nazi umepewa tumbo lake na maumbile.

Fundi wa mashine huchora umbo juu ya ubao, akalikata kwa msumeno wa umeme, na tumbo akalichimba kwa grainda. Kazi huenda upesi, na vijiko hufanana. Lakini msumeno hufuata mstari uliochorwa, haufuati nyuzi. Na pale shingo inapopinda nyuzi hukatwa, pakawa dhaifu. Tena, mahali pa vibanzi pametawaliwa na vumbi laini, na vumbi la mti lilitiwa mwaka 1995 na wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani katika orodha ya vitu visababishavyo ugonjwa huo kwa binadamu.

Ama kwa upande wa lugha, vitenzi hivi havikupatwa na hali moja. Chonga kimestahimili. Watu husema kuchonga ufunguo, ingawa hukatwa kwa mashine, na kuchonga barabara, ingawa kazi ni ya greda. Basi maana yake ya msingi si mkono wala kisu, bali kukipa kitu umbo kwa kukipunguza.

Msasa umesafiri mbali zaidi. Asili yake ni mti wenye majani ya kukwaruza, yaliyotumika kulainishia mbao. Jina likahamia karatasi ya dukani, na leo laitwa gurudumu lizungushwalo kwa umeme. Jani limetoweka, jina limebaki.

Komba ndicho kilicho hatarini. Wasemaji wengi hukijua kwa kukomba sufuria, au kwa wezi waliokomba mali yote ya nyumba. Maana ya kuchimba mti kwa ndani, iliyokuwa ya kijiko, kinu na mtumbwi, hutegemea kazi yenyewe. Fundi wa grainda aweza kusema "kuchimba" au "kutoboa" na akaeleweka.

Kwa hiyo watungaji wa kamusi wana wajibu wa namna mbili. Wasiifunge fasili ya chonga kwa kutaja kisu au tezo, maana matumizi yamekwisha kuivuka mipaka hiyo. Na maana ya ufundi ya komba waikusanye mapema, karakanani, penye wazee wanaoitumia wakiwa na kisu mkononi. Kwa kuwa mashine huweza kurithi jina la kazi ya zamani, lakini hailazimiki kulirithi.